Nina pumu kali na ninakimbia. Wenzangu wenye hali hii mnajipangaje?

Binti_Sakina

Habari za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Nina miaka 29, naishi Sakina hapa Arusha, ni karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Pumu ninayo tangu nikiwa darasa la pili. Kukimbia nilianza sekondari, na sasa nipo kwenye klabu ya mbio ya mtaani kwetu. Jumamosi alfajiri tunatoka Sakina tunapanda na barabara kubwa mpaka Ngaramtoni. Wenye nguvu wanaendelea mbele, wengine tunageuza.

Mwezi Juni, baridi ilipokaza, nilibanwa usiku wa manane. Inhela ya bluu nilipuliza mpaka mikono ikawa inatetemeka, kifua hakikufunguka. Dada yangu akapiga simu ya bajaji, mimi nimekaa kwenye ngazi nimeshika magoti, siwezi kujibu swali hata la neno moja. Hospitali wakanipa nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke, na oksijeni, wakanichoma sindano, wakanilaza. Na mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, nililazwa vilevile.

Safari hii nilimpata daktari aliyekaa na mimi vizuri. Alisema pumu yangu imefika ngazi ya kuitwa pumu kali. Akanipa vidonge vya prednisolone vya siku chache, na inhela mpya yenye dawa mbili ndani, budesonide na formoterol, nivute asubuhi na jioni hata nikijisikia mzima. Miaka yote huko nyuma nilikuwa napewa ya bluu tu, salbutamol, nikizidiwa nachomwa sindano, narudi nyumbani. Kuhusu mbio aliniambia nisiache, ila tuitulize kwanza. Foleni nje ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kuuliza hiyo "kwanza" ni muda gani, na nitajuaje kwamba imetulia.

Nyumbani hawataki kusikia habari za mbio. Mama kaficha raba zangu. Mjomba anasema mwenye pumu akae ndani ajifunike. Nawaelewa, wao ndio waliokesha usiku ule. Lakini nisipokimbia wiki nzima silali vizuri, hasira zinakuwa karibu, na hata ngazi za kwenda stoo napanda nikihema kuliko nikiwa na mazoezi.

Nimepania nusu marathoni ya Moshi, ile ya Februari. Ninachoomba ni uzoefu wa mtu mwenye pumu ya kiwango hiki ambaye bado anakimbia, anacheza mpira au anapanda milima. Unarudi vipi barabarani baada ya kulazwa? Vumbi na moshi wa asubuhi unakwepaje? Inhela unaibeba wapi? Na hii prednisolone, ni mimi peke yangu inaninyima usingizi na kunivimbisha uso?

Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Shamba

Pole sana binti. Hizo dawa za kuvuta ukishazizoea hutoki, mapafu yanakuwa tegemezi. Chemsha tangawizi na kitunguu saumu, weka asali na ndimu, kunywa kutwa mara mbili. Mtoto wa jirani yangu alitumia hivyo akapona kabisa, leo ni mwanajeshi. Mbio achana nazo kwanza.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu shikamoo. Tangawizi na asali anywe tu, zinalainisha koo. Ila inhela asiiache, tafadhali sana. Watoto wengi pumu yao hutulia wakikua, wawe wamekunywa kitu au hawakunywa, na huenda huyo wa jirani yako ni mmoja wao. Huyu dada ana miaka 29 na kalazwa mara mbili mwaka huu, kesi yake ni nyingine kabisa.

Dawa ya kinga inayovutwa, kama hiyo budesonide yako, ni steroidi ya kupimwa kwa mikrogramu, inafika kwenye njia za hewa zenyewe na kupunguza uvimbe wa ndani. Haimfanyi mtu kuwa teja. Inayotutisha sisi wodini ni ile ya bluu ikitumika peke yake. Ya bluu inalegeza misuli inayobana njia ya hewa kwa saa chache, uvimbe unabaki palepale na unaendelea kukua. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima apewe ya bluu bila dawa ya kinga. Kopo moja la salbutamol lina vipulizo 200. Mtu anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa ya kuzidiwa, na anayemaliza moja kila mwezi hatari yake ni ya kifo. Dada, hesabu makopo yako.

Halafu angalia unavyovuta. Kama inhela yako mpya ni ya kopo la kubonyeza: tikisa, toa pumzi yote, funga midomo vizuri, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta mpaka mwisho, zuia pumzi kama sekunde 10. Subiri kidogo kabla ya kipulizo cha pili. Kama ni ya unga, ile ya kuzungusha kitako mpaka kilie, hiyo haitikiswi, na inavutwa kwa nguvu na kwa haraka. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku, dawa inaishia mdomoni. Zote mbili, ukimaliza sukutua na uteme maji, la sivyo utapata fangasi mdomoni.

Kwa ya kubonyeza tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kama duka la dawa hawana au bei imekushinda, chukua chupa ya maji ya nusu lita. Pasha waya moto, utoboe kitakoni tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, ipenye kwa kubana, ziba pembeni kwa plasta hewa isivuje. Unaweka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza kipulizo kimoja, unavuta taratibu. Watafiti wa Cape Town waliipima chupa hii kwa watoto waliobanwa, wakachapisha mwaka 1999, na ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, ukiifuta dawa itanata kwenye plastiki.

Ukibanwa sana: vipulizo 4 mpaka 10 vya ile ya bluu, kimoja kimoja kwa spesa, rudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza, na safari ya hospitali iwe imeshaanza. Usisubiri nyumbani kuona kama itapoa. Mtu ambaye hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza huku bado anahangaika, huyo hewa haipiti. Hakuna kusubiri asubuhi.

Mwalimu_Kibosho

Pole mdogo wangu, na karibu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi ndiye mtu unayemtafuta. Ni mwalimu wa michezo sekondari, Kibosho, nimeshavuka arobaini, pumu yangu ni ya kundi hilohilo, na hiyo barabara ya kupanda Mweka kwenye nusu marathoni nimeipita zaidi ya mwaka mmoja.

Nianze na "kwanza" ya daktari wako. Jiulize mambo manne kuhusu wiki 4 zilizopita. Umebanwa mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki? Umeamshwa na kifua usiku? Umehitaji ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki? Kuna shughuli umeishindwa kwa sababu ya kifua? Ukijibu hapana kwa yote manne, imetulia. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, bado, na ukijibu ndiyo kwa matatu, rudi kliniki usiongee habari za mbio. Hayo ndiyo maswali ambayo madaktari wenyewe hutumia, na wewe unaweza kuyajibu ukiwa umekaa kitandani.

Pili, nunua kipima pumzi. Ni bomba dogo la plastiki lenye kishale pembeni. Unasimama, unavuta hewa ijae, unapuliza kwa nguvu mara moja, kishale kinaruka mpaka kwenye namba. Unapuliza mara 3 unachukua kubwa. Namba yangu bora nikiwa mzima ni 420. Asilimia 80 ya hapo ni 336, asilimia 50 ni 210. Nimeziandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye hilo bomba lenyewe. Asubuhi nikiwa juu ya 336 nafanya mazoezi. Nikiwa kati, naongeza dawa kama daktari alivyoniandikia kwenye karatasi, na siku hiyo natembea tu. Chini ya 210 ni dawa ya dharura na hospitali. Uzuri wa kishale ni kwamba mara nyingi kinashuka kabla hujasikia chochote kifuani. Sisi tuliokua na pumu tumeshazoea kubanwa kidogo, mwili unasema sijambo wakati njia za hewa zimeshaanza kufunga. Wewe tafuta namba yako, usitumie yangu.

Baada ya kulazwa, mimi sikimbii mpaka vidonge viishe na namba ikae juu kwa wiki kama mbili mfululizo. Naanza kwa kutembea haraka. Kisha dakika 1 ya mbio, 2 za kutembea. Kasi ni ile ambayo naweza kuongea na mwenzangu bila kukata maneno. Wanafunzi wangu wananipita, nawaacha wapite.

Kwa nini kifua kinabana tukikimbia? Ukihema kwa kasi kwa mdomo unaingiza hewa nyingi baridi na kavu, ngozi ya ndani ya njia ya hewa inakauka, ndipo inapochokozeka na kubana. Kwa wengi wetu inakuja dakika 5 mpaka 15 hivi baada ya kuanza au baada ya kusimama. Kwa hiyo usimalize mbio ukakaa chini kwenye ubaridi, endelea kutembea. Na pasha mwili moto vya kutosha. Mimi natumia dakika 15, mwisho naweka mbio fupifupi za sekunde chache za kasi na kupumzika kati yake. Wengine wakifanya hivyo kifua kinawapa nafasi ya saa moja au zaidi bila kubana sana. Kuna daktari atakayekuambia upulize kabla ya mazoezi, muulize ni ipi kati ya inhela zako. Lakini ukijiona kila siku bila kupuliza huwezi kukimbia hata mzunguko mmoja wa uwanja, ugonjwa wenyewe haujadhibitiwa, urudi kliniki.

Juni na Julai alfajiri ya Arusha na ya huku Kibosho nimeiacha kabisa. Ukungu na baridi ile si ya mtu mwenye kifua kama changu. Nakimbia saa kumi jioni, au nafunga kitambaa chepesi puani na mdomoni ili hewa ipate joto kabla haijaingia.

Sasa barabara yako. Sakina kwenda Ngaramtoni ni barabara ya Namanga! Malori yanapanda hapo yakitoa moshi mweusi, pembeni watu wanafagia na kuchoma taka, na asubuhi ndiyo saa ya majiko ya mkaa. Hema kwa nguvu hapo saa nzima, halafu useme mbio zimenibana? Panda juu Ilboru au Sekei, kwenye migomba na kahawa, hasa siku ambayo mvua imepiga vumbi. Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu. Mwaka 2008 alijitoa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa sababu ya hewa chafu, akakimbia mita 10,000 tu. Mwezi uliofuata alikwenda Berlin akavunja rekodi ya dunia ya marathoni, 2:03:59. Mwambie mjomba habari hiyo. Mwanamume mwenye pumu amekuwa wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 4, na ameweza kwa sababu alijua hewa ipi aikatae.

Inhela naibeba kwenye kimkoba cha kiunoni, ya bluu, pamoja na karatasi ndogo niliyoiwekea plastiki: jina, dawa zangu, namba ya mume wangu, na maneno "Nina pumu kali, nikishindwa kuongea nipelekeni hospitali." Usiiache ndani ya gari juani. Na usipime kama dawa imebaki kwa kutikisa kopo, gesi inabaki hata dawa ikiisha. Kama haina kihesabio, bandika plasta juu yake uandike tarehe uliyoifungua na kila siku uliyotumia. Plasta ikijaa haraka, umeshapata jibu la swali la nesi hapo juu.

Prednisolone: hapana, si wewe peke yako. Usingizi unapotea, njaa inakuja, uso unajaa. Imeze asubuhi baada ya chakula, usingizi utapata nafuu. Usiikate ghafla bila daktari ukiwa umeitumia muda mrefu. Jambo la kulinda ni idadi ya dozi kwa mwaka, maana zikirudiarudia zinaugusa mfupa, sukari, macho na shinikizo. Andika kila dozi. Kama siku moja utakimbia mashindano yenye vipimo vya dawa, ujue pia vidonge hivyo vimekatazwa wakati wa mashindano bila kibali maalumu cha tiba. Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa mpaka mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8. Hilo nawaambia wanafunzi wangu wa riadha, kwako kwa sasa lisikusumbue.

Maumivu ya miguu je, unameza nini? Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinabana vibaya vifua vya baadhi ya watu wenye pumu. Wakimbiaji tunazimeza bila kufikiri. Muulize daktari kabla ya kumeza.

Na kuna kitu kimoja umekitaja kwa kupita tu, nimekisoma nikarudi nyuma. Unafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Saruji? Rangi? Mbao zinakatwa hapohapo? Meza yako iko wapi? Jumapili na sikukuu kifua chako kinakuwaje ukilinganisha na Alhamisi au Ijumaa? Nyumbani kwako wote wanazitazama raba, na raba ni Jumamosi moja. Dukani unakaa kutwa, siku sita.

Binti_Sakina

Shikamoo mwalimu. Nesi, asante sana, na mzee wangu nakushukuru pia kwa kunijali. Nimesoma nimepata jasho.

Meza yangu iko mlangoni, upande wa stoo, kwa sababu ndiyo mimi nahesabu mzigo unaoingia. Saruji inapakuliwa mbele yangu. Vijana wanabeba mifuko begani, wanaitupa juu ya mingine, kila mfuko unapiga vumbi, na ikipasuka wanafagia palepale kwa ufagio mkavu. Jioni nikifungua kitabu cha risiti kuna unga wa kijivu kwenye mikunjo. Mwezi wa tatu mvua zilipoanza walihamishia saruji yote ndani isilowe, mlango wa nyuma ukawa unafungwa. Hapo ndipo nilipolazwa mara ya kwanza. Na Pasaka nilikwenda kwa bibi Same, nikakaa karibu wiki, ya bluu sikuigusa, na kule nilikuwa nakimbia kila asubuhi. Sijawahi kuviweka vitu hivi pamoja hata siku moja. Nyumbani wote tulisema ni mbio.

Kazi siwezi kuiacha, mdogo wangu yuko chuo kwa mshahara huu. Bosi si mtu mbaya, ila ana haraka. Nitamwambiaje asinione nadeka? Na jambo lingine: kwenye klabu ni mmoja tu anayejua kuwa nina pumu. Naogopa wataanza kuniambia nibaki nyuma nishike maji.

Daktari alitaja pia sindano za pumu kali, sikuelewa. Kuna anayezijua?

Omwana_wa_Kisii

Hujambo dada. Mimi ni Mkenya, naishi Leicester, nadungwa sindano hizo. Zipo za aina kadhaa. Omalizumab ni ya pumu ya mzio, wanapima damu kitu kinaitwa IgE na uzito wako, unadungwa kila baada ya wiki 2 au 4. Yangu ni mepolizumab, kila wiki 4, ni ya watu wenye seli nyingi za eosinofili kwenye damu. Najidunga mwenyewe nyumbani kwenye paja. Kabla sijaanza, prednisolone ilikuwa kama ugali kwangu, haikosi mezani. Sasa nacheza mpira wa miguu na vijana wa kanisa.

Lakini nikwambie ukweli. Hawakunipa mpaka walipohakikisha naivuta inhela sawasawa, naitumia kila siku, na wakauliza habari za kazi, paka, ukungu wa ukutani, kiungulia, mafua yasiyokwisha. Watu wengi wanaofika kliniki ile kama wagonjwa wa pumu kali wanagundulika ni vitu hivyo. Huku ninalipiwa na huduma ya afya ya serikali, kwa pesa ya mfukoni ningeshindwa. Mwulize daktari wako akupime eosinofili, ni kipimo cha damu cha kawaida kile cha picha kamili ya damu, si ghali. Jibu lake litamsaidia hata kama sindano haipatikani karibu. Ila hiyo saruji kwanza.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Naongezea moja. Ukirudi kliniki mwambie daktari habari za duka na za Same kama ulivyotuandikia hapa, neno kwa neno. Yeye hakuuona mlango wenu wa nyuma.

Mwalimu_Kibosho

Marahaba mdogo wangu. Umenipa furaha na umenitia uchungu kwa pamoja.

Kwa bosi usiende na maneno matupu. Chukua daftari la kawaida, kila ukurasa siku moja: namba ya kipima pumzi ukiamka, ukifika kazini, mchana, ukitoka kazini na kabla ya kulala, ya bluu umepuliza mara ngapi, na neno moja la siku ilivyokuwa, kwa mfano "saruji imeingia", "Jumapili", "mbio Ilboru". Fanya hivyo wiki 4, ndani yake uwe na siku zako za mapumziko. Kama ni duka, utaona namba zikishuka kuanzia Jumatatu kwenda Ijumaa na kupanda Jumapili. Daftari hilo mpelekee daktari kwanza, umwombe aandike barua. Bosi mwenye haraka anasoma barua ya daktari kuliko anavyosikiliza karani.

Na ukienda kwake, peleka ombi dogo linalotekelezeka. Meza ihamie upande wa mbele, mzigo uhesabiwe kwa mtu wa stoo kukuletea karatasi ya idadi wewe uihakiki baada ya vumbi kutulia. Sakafu imwagiwe maji kidogo au ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu. Mlango wa nyuma ufunguliwe wakati wa kupakua, turubai litazuia mvua. Hakuna hata kimoja hapo cha gharama, na hao vijana wanaobeba mifuko nao wana mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la saruji, kama utavaa basi iwe ile ngumu ya kuchuja vumbi inayoshika uso pande zote, na ukiivaa kifua kikawa kizito, ivue utoke nje.

Klabu waambie. Wote. Siku ya mazoezi, kabla ya kuanza, toa inhela uwaonyeshe ilipo na wabonyezeshe hewani mmojammoja wajue inavyofanya kazi, kopo lililokwisha lipo la kujifunzia. Chagua wawili ambao kasi yenu inalingana, mmoja awe na simu yenye salio na namba ya bajaji. Mimi wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanajua la kufanya nikikaa chini. Hakuna aliyewahi kuniambia nishike maji.

Mama yako mpeleke kliniki aingie na wewe ndani, asikie kwa masikio yake daktari anasema nini kuhusu mbio. Kumbishia nyumbani hakutamtoa hofu, alikuona pale kwenye ngazi.

Februari bado iko mbali. Moshi ni chini kuliko Arusha na mwezi huo jua linachoma, halafu kutoka mjini kwenda Mweka ni kupanda tu, kifua kitajaribiwa hapo. Kama mpaka Novemba maswali yale manne yanajibika hapana, njoo Kibosho Jumamosi moja tupande pamoja polepole mpaka Mweka na kushuka, tuone namba yako inakaaje kesho yake. Isipokaa, utakimbia kilomita 5 mwaka huu na nusu mwakani, na mimi nitakimbia hizo 5 na wewe.

Wiki ya kwanza ya daftari ikiisha weka namba hapa.